Lengalenga Kwenye Kaburi la Mrumi

Koko Victorine hakuwa mtu wa kupoteza kitu cha mwenzake. Kwenye vile vyumba vya uani hapo Malvern, nyuma ya maduka ya Jules Street, kila mwenye kitu cha kuhifadhi alimpelekea yeye: pasipoti, pete ya mwanamke aliyenuniana na mumewe, hata meno ya bandia ya mzee mmoja aliyelazwa hospitali. Uvungu wa kitanda chake ulikuwa salama kuliko benki, watu walisema, maana benki hufungwa Jumapili na Koko hafungi.

Ndiyo maana Léocadie alimletea yeye Lambert.

Lambert alikuwa mdogo wake Léocadie, mlinzi wa jengo moja la ghorofa kule Hillbrow. Homa ya mapafu ilimchukua mwezi wa nane, baridi ikiwa bado kali. Kumsafirisha mpaka kwao Likasi, Kongo, kulishindikana, akazikwa huku huku. Sasa kwao, mtu akizikwa ugenini, dada yake mkubwa hushuka kwenye ukingo wa kaburi kabla koleo la mtu yeyote halijagusa kitu, akateka udongo kwa mikono yake miwili. Hiyo ndiyo konzi ya kwanza. Hiyo ndiyo inayorudi nyumbani ikazikwe penye baba zake, na mtu akahesabika kuwa amerudi. Konzi ya kwanza haina ya pili. Koleo likishapita, udongo unaobaki ni wa makaburi tu, ni wa kila mtu.

Siku ya mazishi Koko mwenyewe ndiye aliyetoa kopo la kuutilia, kopo la maziwa ya unga. Léocadie akalifunga utepe mweupe, akakaa nalo Hillbrow, akashindwa.

"Mama Victo, kwetu tunalala pazia kwa pazia," alisema. "Huyu anakanyaga, yule anaazima. Siku moja nitakuta mtu katia sukari humo. Nishikie mpaka nipate safari."

"Mlete, mwanangu. Atalala na mimi hapa. Hakoromi?"

Léocadie akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Alikuwa anakoroma, mama! Jengo zima lilijua mlinzi yuko kazini."

Basi Lambert akaingia uvunguni, kona ya ukutani.

Uvunguni humo palikuwa na kopo jingine, ndugu yake lile, maana mjukuu wa Koko alikuwa amekunywa maziwa yale tangu utoto na Koko hatupi kopo. Hilo la pili lilikuwa la kazi. Koko aliuza mboga kwenye meza yake Jules Street, na nyuma ya chumba alikuwa na tuta la lengalenga, mboga ambayo jirani yake Mwatumu, mtu wa Tanga, aliiita mchicha. Mbegu za lengalenga ni ndogo mno. Ukizirusha hivi hivi zinaanguka rundo moja, zinaota zikisongana kama abiria. Kwa hiyo tangu ujana wake Koko alichekecha udongo mkavu, akachanganya na mbegu, akauweka kwenye kopo mpaka mvua zianze. Siku ya kupanda unanyunyiza tu, kama chumvi.

"Kitendawili!" alikuwa akimwambia mjukuu wake, Chloé, wakati wa kuchanganya.

"Tega!"

"Jeshi langu lote linalala kwenye kijiko kimoja."

Chloé alikuwa binti wa darasa la tano, mwembamba, wa maswali mengi. Mama yake alifanya kazi Pretoria na alirudi mwisho wa mwezi. Kiswahili alikielewa chote, ila kukisema alikisema kama mtu anayevuka barabara pasipo robot, zile taa za barabarani: anasimama, anaangalia huku na huku, halafu anakimbia.

"Eish, Koko. Sijui. Mchwa?"

"Mchwa! Nipe mji."

"Chukua Kensington."

"Kensington umeshanipa mara ngapi? Nyumba zake zote zangu sasa. Ni mbegu za lengalenga, wewe mtoto."

Mwezi wa kumi na moja mvua ilikuja kwa hasira, na mawe yake ya barafu yakipiga mabati kama watu wanagombana juu ya paa. Maji yakaingia kwa chini ya mlango. Koko akavuta kila kitu kutoka uvunguni, akapanga juu ya kitanda. Makopo yote mawili yalikuwa makavu ndani, vifuniko vimebana, ila utepe wa Lambert ulikuwa umelowa tope. Hakuweza kuuacha hivyo. Siku Léocadie akija, akabidhiwe ndugu yake na utepe mchafu? Akaufungua, akaufua kwa sabuni, akauanika kwenye kamba, ulipokauka akaupiga pasi. Pasi, utepe! Kisha akafunga kopo, fundo zuri, masikio mawili, akalirudisha kwenye kona yake. Alijiona amefanya kazi ya heshima.

Kwa kuwa ardhi ilikuwa imelainika, asubuhi iliyofuata alichukua lile kopo lingine akanyunyizia tuta lote, taratibu, akiimba.

Wiki hiyo hiyo Chloé alikuwa na kazi ya shule: kutengeneza ngome ya Warumi na mji uliokuwa nje ya ngome, juu ya ubao. Chumba kikajaa maboksi ya nyanya na gundi ya unga. Mwatumu naye alihamia mlangoni na kiti chake, akichambua mchele, maana hakuna kinachotokea uani ambacho Mwatumu hakukiona kinatokea.

"Warumi wa kanisani?" Koko aliuliza. Yeye aliwajua hao tu, wa mikuki na misumari.

"Hao hao, Koko. Ila hawa wako mbali sana, kwenye baridi. Wanalinda mpaka." Chloé akaonyesha kwa kidole. "Huu ukuta. Mageti manne. Hapa mkubwa wao anakaa. Hapa askari wanalala, wanane wanane."

"Kama Hillbrow," Mwatumu akasema.

Juu ya ukuta Chloé alikuwa ametandika lile zulia la kijani linaloota chini ya bomba, alilolibandua kwa kisu. Nje ya geti ilitoka barabara, na kando ya barabara vibanda vyembamba, vimesimama bega kwa bega, vimegeuza uso njiani.

"Na hapa?"

"Huu ndiyo mji. Mbele ni duka, nyuma wanalala. Wanauzia askari vitu. Bia, viatu, nyama."

"Jules Street kabisa," Koko akasema, akavaa miwani yake ili aone vizuri.

"Maandazi hakuna?" Mwatumu aliuliza.

"Sijui, Ma. Mwalimu hajasema."

"Basi hao walikufa kwa njaa, vita vimesingiziwa."

Chloé akaeleza kwamba askari hawakuruhusiwa kuoa mpaka wamalize utumishi, lakini kwenye vibanda vile kulikuwa na wanawake na watoto wao, hivyo hivyo. Mwatumu akapiga makofi, mchele ukamwagika. "Haya! Serikali inakataza harusi, mtaa unajaa watoto. Kumbe mambo ni ya zamani!"

"Kitendawili," Koko akasema.

"Tega."

"Nyumba yangu ina milango minne na wanaume tele, lakini usiku hakuna mtoto anayelia."

"Ngome!" Chloé aliruka. "Ni ngome! Nipe mji, Koko!"

"Ukishinda hupewi mji, unaposhindwa ndiyo unatoa. Na haya mawe madogo ya njiani ni nini?"

Mtoto akashusha sauti kidogo. "Makaburi. Warumi hawaziki ndani. Wanazika nje ya mji, kando ya barabara, ili mtu akipita asome jina. Wengi hawakuwa watu wa pale, Koko. Wengine walitoka Siria, wengine Afrika. Jiwe linaandikwa: fulani, mtu wa mahali fulani."

"Nani aliwaandikia?"

"Watu wa mji. Majirani."

Koko akayatazama yale makaburi, viduta vya udongo mwekundu mkavu, kila kimoja na kipande cha kigae kilichosimamishwa kichwani. Akafikiri ni udongo wa uani. Hakuuliza, na Chloé hakusema.

Ngome ikaenda shule, ikawekwa dirishani kwenye korido kila mtu aione. Mwalimu akatoa chupa ya kupulizia maji ili kile kijani cha ukutani kisikauke, na watoto, unajua watoto wakipewa kitu cha kupulizia.

Huku nyumbani tuta likabaki kimya. Lengalenga siku chache tu huwa imeshachungulia, lakini pale hapakuwa na hata sindano moja ya kijani. Koko akalaumu ndege. Akamlaumu paka wa Mwatumu. Akaanza kumwagia tuta kila maji aliyokuwa nayo, ya kusuuzia vyombo, ya kuoshea samaki, akilisemesha: "Na wewe kula basi, uote, nina wateja."

Alhamisi moja Chloé alirudi kutoka shule akakaa kitandani na begi mgongoni. Hakugusa chakula. Koko alimshika paji la uso, halina joto.

"Nani kakupiga?"

Chloé akaanza kulia, kwanza bila sauti. "Koko, nimefanya kitu kibaya. Nilichukua udongo wa mjomba, Tonton Lambert."

"Unasema?"

"Vijiko viwili tu. Kwenye kopo lenye utepe. Ulikuwa sokoni. Nilikuwa natengeneza makaburi, nikaona… yawe na udongo wa kaburi, wa kweli. Nikafunga tena vilevile." Alijifuta pua kwa mkono. "Sasa amekasirika. Ameota, Koko! Kwenye makaburi yote! Watoto wanacheka wanasema mizimu ya Warumi ina nywele."

Mkono wa Koko ulikuwa umeshainuka. Kuchokora kitu cha amana, tena cha marehemu! Chloé, macho ameyafumba akingoja kofi, akanyoosha kiganja. Ndani ya karatasi laini mlikuwa na mche mmoja, majani mawili marefu membamba, shina jekundu kama uzi uliochovywa kwenye damu.

Koko aliujua mche ule kuliko alivyojua uso wake. Alikuwa amekula mboga ile tangu hajaota meno.

Mkono ukashuka wenyewe.

Akapiga magoti, akavuta kopo lenye utepe, akafungua lile fundo lake zuri. Akamimina kidogo kwenye sinia, akapuliza. Vumbi likasogea, na mbegu zikabaki, nyeusi, zinang'aa, jeshi zima kwenye kijiko.

Alikaa pale sakafuni. Akakumbuka utepe kwenye kamba, unakauka juani. Akaona makopo mawili juu ya kitanda, mapacha, na yeye anatoka na pasi, anafunga la kwanza lililomjia mkononi kwa sababu moyoni alikuwa na hakika. Kisha akageuza shingo kuelekea mlango wa uani. Asubuhi ile ile, kabla ya kwenda mezani kwake, alikuwa ametupa kwenye tuta maji ya samaki.

"Koko? Ni mimi nimemkasirisha?"

Hapo angeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, *si wewe, ni mimi*. Lakini lilikataa kutoka, na badala yake akasikia mdomo wake unasema, "Nyamaza. Nenda ukanawe uso. Tutaona." Mtoto akaenda kunawa, na mzigo ule akaenda nao.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Léocadie alikuwa ametuma ujumbe: basi la Lubumbashi Jumatatu, atapita Jumapili akitoka kanisani. Koko hakufungua meza. Mwatumu alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama tuta kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Bibi Victorine, kulikoni? Umefiwa tena?"

Akamwambia. Mwatumu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Halafu akavuta ndoo yake.

"Sikiliza, shoga yangu. Sisi kwetu maiti akishazikwa kazikwa, yupo kwa Mola wake, udongo ni udongo. Kopo limefungwa utepe?"

"Limefungwa."

"Safi?"

"Utepe nimeupiga pasi, Mwatumu."

"Basi liache liende! Nani atajua? Watazika, watalia, roho zitatulia. Na mvua ikinyesha, mchicha ukiota juu ya kaburi, watasema nini? Watasema baraka! Marehemu kaleta mboga."

"Ndiyo hilo linaloniua," Koko alisema. "Wangelia kwa uchungu ningevumilia. Lakini watafurahi. Yule mama yake atachuma majani yale, atapika, atasema mwanangu amenilisha. Na mwanae yuko hapa, anaogeshwa sabuni ya vyombo."

Mwatumu akavua ndala moja. Paka wake akapita, akataka kuingia kwenye tuta. Mwatumu akamrushia ndala, akamkosa.

"Au teka humo tutani," akasema tena, kwa sauti ndogo. "Jaza kopo. Si yumo humo?"

"Yumo. Wapi? Niteke upande gani, mguu au kichwa?"

Hata hivyo usiku ulipoingia na ukaisha, Jumamosi ikaja na Koko hakuwa amefanya lolote. Kopo la lengalenga lilikaa kwenye kona ya Lambert, na utepe wake. Chloé alifagia chumba bila kuambiwa, akaosha vyombo bila kuambiwa, akawa mtoto mwema wa kutisha. Kila alipopita karibu na kitanda alikunja mwili, asikiguse. Koko aliona. Aliona na akaendelea kukunja nguo.

Jumapili mchana Léocadie akaingia, gauni la kitenge la bluu, kilemba kimesimama, begi jipya. Alikuwa amekonda lakini macho yake yalikuwa na mwanga.

"Mama Victo! Mama kule nyumbani ameshachimba! Mwenyewe, kwa jembe lake, amekataa vijana wasimsaidie. Jirani anasema kila jioni anabeba kigoda anakaa pembeni ya shimo. Anamwambia, njoo basi, umechelewa wapi."

Koko akasema, "Ee." Akainama, akatoa kopo, akalifuta ingawa halikuwa na vumbi. Léocadie akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kifuani, akafumba macho.

Ndipo Chloé alipotoka nyuma ya pazia la jikoni.

"Tantine, ni mimi. Nilichukua vijiko viwili kwenye Tonton Lambert. Nilipeleka shule. Nisamehe."

Léocadie alimtazama mtoto, kisha Koko, kisha mtoto. "Shule? Kufanya nini?"

Chloé akaeleza kwa Kiswahili chake cha kukimbia: ngome, mji, barabara, askari waliokufa mbali na kwao, mawe yenye majina. Léocadie akakaa kitandani taratibu, kopo kifuani bado.

"Na wewe ukawatilia hao Warumi kijiko cha Lambert, wasilale peke yao."

"Ndiyo, Tantine."

Mwanamke yule akamvuta akambusu utosini. "Vijiko viwili si kitu, mama. Lambert alipenda watoto. Na shule hakumaliza. Mwache akae kidogo darasani." Akacheka na machozi yakimtoka. "Basi, yameisha. Usilie tena."

Yakawa yameisha kweli. Mtoto ameungama, amesamehewa. Léocadie amesimama, anatafuta begi. Mlango uko wazi, basi ni kesho. Koko hakuhitaji kufanya kitu chochote zaidi ya kumwambia safari njema. Alifungua mdomo amwambie.

"Léo. Weka hilo kopo chini."

"Nini, mama?"

"Humo hamna Lambert. Ni mbegu za lengalenga. Nilifua utepe wako nikaufunga kwenye kopo silo." Sasa maneno yalitoka yenyewe, hayakungoja kupangwa. "Huyu mtoto hakuchukua chochote cha ndugu yako. Tangu Alhamisi najua, nimemwacha anajitesa roho, na wewe nimekuacha umbusu kwa kosa langu. Lambert nimempanda. Yuko kwenye tuta."

Chloé akamgeukia bibi yake. Koko alikuwa amejiandaa kwa macho ya Léocadie; ya mtoto hakuwa amejiandaa nayo.

Léocadie hakupiga kelele. Aliweka kopo kitandani kama mtu anayeweka yai, akatoka uani. Walimfuata. Alisimama mbele ya tuta tupu. Jua lilikuwa kali, na huku na kule kwenye udongo magamba ya samaki yalikuwa yanametameta.

"Umemwagia nini hapa?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya samaki," Koko alisema. "Na ya vyombo. Mara moja ya kufulia."

Upande wa barabarani teksi ilikuwa inapiga honi, inaita watu wa mjini.

"Lambert alikuwa hapendi samaki," Léocadie akasema.

Akapandisha gauni, akapiga magoti kwenye tope na kitenge chake cha kanisani. "Nipeni gunia."

Mwatumu, ambaye bila shaka alikuwa mlangoni mwake tangu mwanzo, alikuja mbio na gunia la mchele, akalikung'uta. Koko akasogea na jembe dogo. Léocadie hakuinua uso.

"Wewe usiguse."

Koko akarudi nyuma, akaliegemeza jembe ukutani. Ni Chloé aliyeruhusiwa kushika mdomo wa gunia. Léocadie akateka kwa mikono, konzi baada ya konzi, kuanzia upande mmoja wa tuta mpaka upande mwingine, udongo na magamba na maganda ya vitunguu, hakuchagua. Aliteka mpaka akafika kwenye ardhi ya njano, ngumu, ambayo haikuwahi kuguswa. Alipomaliza gunia lilikuwa zito kama mtoto wa miaka mitatu.

"Kwenye basi watakukatalia, dada," Mwatumu alisema.

"Watauliza ni nini. Nitawaambia ni kaka yao."

"Mwanangu," Koko akasema, "nisamehe."

Léocadie alikuwa anasugua kucha zake kwenye bomba. "Sijui bado, Mama Victo. Niache na hasira yangu nifike nayo Beitbridge. Pale mpakani wataniuliza nimebeba nini, labda na mimi ndiyo nitajua." Akaingia ndani, akafungua utepe kwenye kopo la lengalenga, akafunga nao mdomo wa gunia. Kopo akaliacha. Mwatumu akamsaidia kubeba mpaka kituoni. Koko alisimama getini, hakuitwa.

Usiku ule alimwambia Chloé, "Nilikuacha na mzigo wangu. Sikupaswa."

Chloé alikuwa amegeukia ukuta. "Nilikuwa naota ananifuata," alisema. Baadaye kidogo akasogeza mgongo wake mpaka ukamgusa bibi yake, lakini hakugeuka.

Shule ilipofunga, ngome ilirudi nyumbani. Lengalenga za makaburini zilikuwa zimerefuka kupita ukuta, zinawatazama askari kwa juu. Mwatumu alisema zinatosha kitoweo cha mtu mmoja; Koko hakutaka kuzichuma. Chloé akachukua kipande cha kigae, kikubwa kuliko vile vya Warumi, akaandika kwa rangi ya kucha, *Lambert, mtu wa Likasi, mlinzi*, akakisimamisha kwenye lile shimo la njano. Koko hakupanda tena pale. Maji ya vyombo aliyabeba mpaka mtaroni, mbali, hata magoti yakimuuma.

Simu haikulia. Krismasi ikapita, haikulia. Koko alijua mabasi yanafika, watu wanafika, na kwamba mtu asiyepiga simu ana sababu yake.

Ililia mwezi wa kwanza, yuko mezani kwake Jules Street, anafunga mafungu ya sombe, majani ya muhogo. Namba ndefu, ya Kongo.

"Kitendawili," sauti ilisema. Hakuna habari, hakuna shikamoo.

Koko alikaa kwenye kreti. "Tega."

"Niliondoka na mtu mmoja, nikafika na uwanja mzima."

Mtoto mdogo angejibu. Koko alilijua jibu, alikuwa na jina lake ulimini, lakini hakuona kama ana haki ya kulitaja.

"Nimeshindwa, Léo."

"Basi nipe mji."

"Chukua Malvern."

Kule upande wa pili kukawa na kelele za kuku, na mwanamke mzee anayemwita mtu ale. Léocadie alikuwa anacheka, au analia; kwa simu ni vigumu kujua.

"Malvern nishaizika, Mama Victo. Na magamba yake yote. Nipe mwingine."

Koko Victorine akainua macho, atafute mji mwingine wa kumpa. Akaiangalia Jules Street, na vibanda vyake vyembamba vilivyosimama bega kwa bega, kutoka mwanzo mpaka pale barabara inapopinda, na hakupata hata mmoja uliokuwa wake wa kuutoa.